Kabla Upime, Kagua Rula

Kuna swali ambalo kila kijana hapa kwetu amewahi kurushiwa akitaja kitu anachokipenda: "Na hiyo itakupeleka wapi?" Sema unataka kusomea historia, itakupeleka wapi. Sema unataka kuchora, itakupeleka wapi. Sasa jaribu kumwambia mjomba wako kwamba unataka kusomea galaksi. Wueh! Atakuangalia kama mtu aliyesema anaenda kuuza maji ya chumvi Mombasa.

Sina ugomvi na swali lenyewe. Karo si mchezo, na nyumbani hakuna mti wa noti. Ugomvi wangu ni rula. Anayekuuliza hilo swali ameshakuja na rula yake mkononi: mshahara wa kwanza, cheo, jina la kampuni ambalo mathe atalitaja kwa chama. Na sisi tunaojiona wajanja kuliko wazee tuko na rula yetu pia: watazamaji wangapi, wafuasi wangapi, laiki ngapi kabla ya saa sita. Wote tunapima tu. Hakuna anayesimama aulize kama rula yenyewe iko sawa.

Ndio maana leo nataka tuongee kuhusu Beatrice Tinsley. Alikuwa mwanaastronomia, akafa mwaka wa 1981 akiwa na miaka 40, na ukiikamua kazi yake yote unabaki na kitu kimoja: alikagua rula ambayo wakubwa wa fani yake walikuwa wanapimia ulimwengu, akaonyesha iko na kasoro. Baada ya hapo galaksi hazikupimwa tena vile zilikuwa zinapimwa zamani. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kazi kuwa na uzito, na nataka nikushawishi ukubaliane nami.

Taa za boda usiku

Tuanze na rula yenyewe, juu bila hiyo hutaelewa moto aliowasha.

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi, vyote vimeshikana kwa nguvu ya uvutano. Yetu inaitwa Njia Nyeupe, na iko na nyota zaidi ya bilioni 100. Jirani yetu mkubwa, Andromeda, iko umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 2.5. Yaani mwanga unaotufikia leo ukitoka huko ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita. Na huyo ni jirani, bana. Kuna galaksi ambazo mwanga wake umesafiri mabilioni ya miaka. Kwa hivyo kuangalia mbali angani ni kuangalia zamani. Huioni galaksi vile iko leo. Unaiona vile ilikuwa siku mwanga ulipotoka.

Sasa utapimaje umbali wa kitu ambacho huwezi kukifikia? Fikiria uko barabarani ushago usiku, giza totoro, na boda zinakuja. Kama unajua taa za boda zote ziko na nguvu sawa, kazi ni rahisi: yenye taa hafifu iko mbali, yenye taa kali iko karibu. Wanaastronomia walifanya vivyo hivyo. Walichagua zile galaksi zinazong'aa kuliko zote katika makundi ya galaksi, wakachukulia kwamba zote zinatoa mwanga unaolingana. Ikionekana hafifu, basi iko mbali.

Edwin Hubble alikuwa ameonyesha mwaka wa 1929 kwamba galaksi zinatukimbia, na zilizo mbali zaidi zinakimbia kwa kasi zaidi. Ulimwengu unapanuka. Swali kubwa la miaka ya 1960 likawa: upanuzi huo unapunguza mwendo kiasi gani? Kama breki ni kali, siku moja ulimwengu utasimama, uanze kujikunja na kurudi ulikotoka. Kama breki ni hafifu, utapanuka milele. Allan Sandage, ambaye aliwahi kuwa msaidizi wa Hubble, alikuwa akilitafuta jibu kwa darubini ya Palomar huko California, yenye kioo cha upana wa mita 5, kubwa kuliko zote wakati huo. Galaksi zake ndizo zilikuwa taa za boda.

Tinsley akauliza swali ambalo ukilisikia leo unaona ni la mtoto: na kama taa zinazeeka?

Fikiria tena ile barabara. Tuseme mwanga wa boda ya mbali umechukua muda mrefu kukufikia, kwa hivyo unaiona na balbu yake ikiwa bado mpya. Ya karibu unaiona na balbu iliyochoka. Ukizilinganisha ukidhani balbu zote ni sawa, hesabu yako imeenda kombo. Ile ya mbali itaonekana kali kuliko ilivyofaa, na utaapa iko karibu kuliko ilipo. Ukikosea umbali, umekosea breki. Ukikosea breki, umekosea mwisho wa ulimwengu. Yote hayo juu ya balbu.

Na galaksi zinazeeka. Hilo ndilo Tinsley alilifanyia kazi katika tasnifu yake ya uzamifu kwenye Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin. Alianza mwaka wa 1964 na hakufikisha hata miaka mitatu.

Njia yake ilikuwa hivi. Nyota hazilingani. Zile nzito zinawaka rangi ya buluu, zinakunywa mafuta kama matatu ya zamani, na zinakufa baada ya mamilioni machache ya miaka. Zenye uzito kama wa Jua letu zinadumu karibu miaka bilioni 10. Zikifa, zinarudisha gesi angani, na gesi hiyo sasa imechanganyika na vitu vilivyopikwa ndani ya nyota: kaboni, oksijeni, chuma. Kutoka kwa gesi hiyo zinazaliwa nyota nyingine. Kwa hivyo ukijua nyota ngapi zinazaliwa kila kipindi, na za uzito gani, unaweza kuifuata galaksi hatua kwa hatua. Itakuwa na rangi gani ikiwa na miaka bilioni 1? Na bilioni 5? Itang'aa kiasi gani ikifika bilioni 10, na itakuwa imebakisha gesi ngapi?

Tinsley aliziingiza hatua hizo kwenye kompyuta za enzi zile, akaiacha galaksi izeeke kwa hesabu. Watu kabla yake walikuwa wamegusa kipande hiki na kile. Yeye aliviunganisha vikawa galaksi moja inayoishi, inayozaa, inayozika na kubadilika. Na jibu lililotoka ni kwamba hata zile galaksi kubwa zilizotulia, zile ambazo watu walidhani hazibadiliki, zinafifia kadiri nyota zake zinavyokufa. Kufifia huko kulitosha kuvuruga hesabu za breki.

Sandage hakukubali, na mvutano wao uliendelea kwa miaka. Hebu ona nani alikuwa anabishana na nani. Upande mmoja, mtu wa darubini kubwa kuliko zote. Upande wa pili, mama wa Dallas ambaye hakuwa hata na kazi ya kudumu. Fani ilienda upande wa mama wa Dallas.

Rula iliyompima yeye

Hapa ndio mahali hadithi inaanza kuniuma.

Beatrice alizaliwa Chester, Uingereza, tarehe 27 Januari 1941, akalelewa New Zealand. Alipata shahada ya uzamili ya fizikia kule Christchurch akiwa juu kabisa. Akaolewa na mwanafizikia aliyesoma naye, Brian Tinsley. Na kwa sababu mume wake alikuwa ameajiriwa na chuo, yeye hakuruhusiwa kufanya kazi hapo. Soma hiyo sentensi tena. Akili ni ile ile, vyeti ni vile vile, lakini rula ikasema: huyu ni mke wa fulani.

Mwaka wa 1963 wakahamia Dallas, Marekani, juu mume alipata kazi ya utafiti huko. Kwake yeye hakukuwa na nafasi ya maana. Ndio akajiandikisha Austin, umbali wa kama kilomita 300. Hiyo ni kama Nairobi hadi Eldoret, kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki. Walikuja kuasili watoto wawili. Alipomaliza uzamifu, miaka ikapita akifanya utafiti wa kiwango cha dunia huku akiishi kwa vibarua vya kitaaluma, nafasi ndogo ndogo za muda.

Halafu ikaja ile ambayo kijana yeyote aliyewahi kufanya "intanshipu" bila malipo ataielewa. Chuo cha kule Dallas kilimwomba achore mpango wa idara mpya ya astronomia. Akauchora. Akaomba kazi ya kuiongoza idara hiyo. Barua yake ya maombi haikujibiwa. Hata "pole, jaribu tena" haikuja. Na ilikuwa kipindi kile kile ambapo Chama cha Wanaastronomia cha Marekani kilimpa tuzo ya Annie Jump Cannon, mwaka wa 1974.

Mwaka huo akaondoka. Aliiacha Dallas, akaiacha ndoa, na watoto wakabaki na baba yao. Akaenda Chuo Kikuu cha Yale kama profesa msaidizi. Mwaka wa 1978 akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa astronomia hapo. Mwaka huo huo akagundulika kuwa na saratani ya ngozi. Ilipofika kwenye ubongo na mkono wa kulia ukakataa kufanya kazi, alijifunza kuandika kwa kushoto ili aendelee. Alifariki tarehe 23 Machi 1981. Pepa yake ya mwisho ilichapishwa akiwa ameshazikwa.

Najua vile watu wa motisha wangeiuza hii stori. Wangeweka muziki wa huzuni nyuma, halafu sauti nzito: aliteseka, hakukata tamaa, na wewe usikate tamaa. Mimi hapo nakataa kabisa. Zile kilomita 300 hazikumfanya awe na akili. Barua isiyojibiwa haikumwongezea kitu. Ukiondoa hayo mateso yote, Tinsley angebaki Tinsley, na labda angekuwa na muda zaidi wa kazi na wa watoto wake. Tukianza kusifu mateso, tunawapa nafasi ya kupumua wale waliokuwa wameshika rula mbovu. Hakuna anayewauliza: nyinyi mlikuwa mnapima nini?

Na kuna wale watauliza, "Lakini mama gani anaacha watoto?" Uliza tu pia ni wanaume wangapi waliokwenda kusoma ng'ambo miaka mingi, wakaacha watoto nyumbani, na kijiji kikachinja mbuzi kuwasindikiza. Sisemi haikumuuma. Baba yake alikuja kuandika kitabu kumhusu, kilichojengwa juu ya barua alizokuwa akiandikia nyumbani, na haikuwa hadithi ya mtu aliyeondoka akipiga mluzi. Ninachosema ni kwamba mfumo uliokupa njia mbili tu, kazi ama watoto, haufai kukugeukia baadaye na kukuuliza mbona ulichagua.

Tumpime sasa, lakini vizuri

Kwenye usomi kuna laiki pia, hata kama maprofesa hawapendi ukiziita hivyo. Kila pepa ikitajwa na pepa nyingine, hiyo ni pointi. Pointi zikijaa, unapandishwa cheo, unapata pesa za utafiti, unaalikwa kwenye makongamano. Si kipimo kibaya. Angalau kinaonyesha kuna mtu alisoma. Kwa rula hiyo Tinsley yuko sawa kabisa: takriban pepa 100 katika miaka kama 14, na mapitio yake ya mwaka wa 1980 kuhusu nyota na gesi ndani ya galaksi bado yanatajwa na watafiti ambao hawakuwa wamezaliwa alipokufa.

Lakini hata hiyo rula inakosa kitu. Kuna kazi ambazo zinaingia ndani sana hadi watu wanaacha kuzitaja. Nani anamtaja aliyebuni sifuri kila akiandika 10? Kazi ya Tinsley ilifika karibu na hapo.

Chukua Darubini ya James Webb. Tangu picha zake za kwanza zitoke Julai 2022, imekuwa ikitupigia galaksi za zamani sana. Mwaka wa 2024 ilitangazwa moja tunayoiona ilivyokuwa chini ya miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu, na ulimwengu sasa uko na miaka kama bilioni 13.8. Kwenye picha galaksi kama hiyo ni kadoa tu. Sasa mtu anajuaje kadoa kana uzito wa nyota milioni ngapi, ama nyota zake ziko na umri gani? Anachukua rangi za mwanga wake, anazilinganisha na galaksi za kwenye kompyuta ambazo zimezaliwa na kuzeeka kwa hesabu. Mifano ya leo ni mizito na ya kisasa kuliko ile ya miaka ya 1960, hilo ni wazi. Lakini uti wa mgongo ni ule ule: nyota ngapi zinazaliwa, za uzito gani, zinakufa lini, zinaacha nini.

Kuna moto mwingine uliwaka 2023, labda uliuona. Watafiti walipata galaksi za kale zilizoonekana nzito kupita kiasi, kama mtoto wa darasa la kwanza mwenye ndevu. Vichwa vya habari vikaanza kupiga kelele kwamba sayansi yote ya ulimwengu imevunjika. Lakini sehemu kubwa ya mjadala wa wataalamu ilikuwa tulivu zaidi: je, ni galaksi ndizo za ajabu, ama ni dhana zetu kuhusu nyota zinavyozaliwa na kung'aa ndizo zimetudanganya kwenye uzito? Yaani kabla ya kuvunja ulimwengu, kagua rula. Miaka zaidi ya 40 baada ya kifo chake, bado wanauliza swali lake.

Na hakuishia kwa swali moja. Mwaka wa 1974, pamoja na Gott, Gunn na Schramm, aliandika pepa iliyokusanya ushahidi kutoka pande nyingi, wakafikia hitimisho kwamba ulimwengu hauna uzito wa kutosha kujirudisha, kwa hivyo utapanuka milele. Mwaka uliofuata yeye na James Gunn wakaenda mbali zaidi: wakasema data ya wakati huo inaruhusu hata ulimwengu unaoongeza kasi badala ya kupunguza. Usinielewe vibaya, hawakuthibitisha. Data ilikuwa dhaifu na wao wenyewe walionya. Lakini mwaka wa 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima nyota zinazolipuka ziligundua kwamba upanuzi unaongeza kasi kweli, na 2011 hiyo ikaleta Tuzo ya Nobel. Tayari 1975 kulikuwa na watu wawili walioacha mlango huo wazi wakati wengi waliona ni ukuta.

Halafu kuna ile kazi ya 1978 na Richard Larson, walipoonyesha kwamba galaksi zikigongana ama kuvutana, nyota zinazaliwa kwa fujo, kama watu wanavyojaa matatu mvua ikianza. Na mwaka mmoja kabla, wawili hao waliandaa kongamano kule Yale lililowakusanya watu wa nyota, wa gesi, wa galaksi na wa ulimwengu mzima waongee pamoja. Kabla ya hapo wengi walikuwa kila mtu na kona yake. "Mageuzi ya galaksi" ikasimama kama fani.

Hiyo ndiyo rula yangu, na nakuomba uijaribu. Ukitaka kujua kazi ina uzito gani, uliza: ni nani, baada ya hii, hawezi kuendelea bila kupitia hapa? Anaweza kupita akikubali, anaweza kupita akipinga, lakini lazima apite. Kwa rula hiyo, video ya watazamaji milioni mbili iliyosahaulika Jumatatu inaweza kuwa nyepesi kuliko tasnifu iliyosomwa na watu 30, kama wale 30 walibadilisha vile wanafanya kazi.

Uhuru iko angani, sisi tuko wapi?

Sasa utasema, hayo ni ya New Zealand na Texas, yanatuhusu vipi? Njoo nikuonyeshe.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwa jukwaa la San Marco lililo baharini upande wa Malindi, kulirushwa setilaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hilo ndilo jina lake, neno letu. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba katikati ya makundi ya galaksi kumejaa gesi yenye joto la kutisha. Hiyo ni kazi ya galaksi kabisa. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo vingine vinaitwa kwa namba zinazoanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishinda Nobel mwaka wa 2002.

Kwa hivyo neno la Kiswahili limo ndani ya pepa za astronomia kila mwaka. Enyewe inapendeza. Lakini bahari ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu, na swali halikuwa letu. Aliyeuliza swali ndiye anayekumbukwa kwenye fani. Mwenye bahari anashukuriwa.

Na usidhani ni mambo ya 1970. Kuna vijana wangapi hapa mjini wanaoishi kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu? Unawajua, labda wewe ni mmoja. Wanasoma fani ambayo hawakuwahi kuisomea, wanaielewa kwa usiku mmoja, wanaandika kurasa 20 safi, wanapewa alama za juu kwa jina la mtu mwingine. Siwezi kumhukumu mtu anayelipa kodi ya nyumba. Lakini hiyo inanionyesha kitu: akili hazijapungua hapa. Tukipimwa kwa rula ya pesa ya mwisho wa wiki, hiyo kazi inalipa. Tukipimwa kwa rula ya swali la nani, tunatoa akili zetu kwa debe na hatuandikwi popote.

Mtu atasema Tinsley alikuwa na chuo kikuu, kompyuta, nchi tajiri, na sisi tuna nini? Pingamizi hilo ni zito na silipuuzi. Bila kompyuta ya Texas hakuna tasnifu. Lakini cheki pia alichokosa: hakuwa na darubini. Data ya galaksi ilikuwa ya wengine, wenye milima na vioo. Yeye aliichukua data ya wengine akaiuliza swali lake mwenyewe. Leo data nyingi za darubini kubwa, ikiwemo James Webb, huwekwa wazi kwenye intaneti baada ya muda, na mtu aliye Kayole anaweza kuzipakua bure. Nasema bure nikijua bando si bure, na laptopu si bure. Ndio maana nataka serikali na vyuo vyetu viulizwe kuhusu intaneti ya wanafunzi na pesa za utafiti kwa ukali ule ule tunaouliza kuhusu barabara. Barabara inakupeleka kazini. Utafiti unakufanya uwe mwenye swali.

Baada ya Tinsley kufa, kile chama kilichompa tuzo kilianzisha nyingine kwa jina lake, inayotolewa kwa utafiti wenye ubunifu wa kipekee. Wa kwanza kuipata alikuwa Jocelyn Bell Burnell, ambaye ugunduzi wake wa pulsa ulimpatia msimamizi wake Nobel huku yeye akiachwa nje. New Zealand ikaita mlima jina la Tinsley. Vizuri. Lakini mlima haujibu barua ya 1974. Heshima ya kweli kwake ingekuwa kujibu barua za wale wanaoomba kazi leo.

Kwa hivyo ukiwa unachagua kozi, ama mkondo wa shule ya upili, ama unafikiria kuacha kitu unachokipenda juu hakina watazamaji, sikwambii ufuate ndoto hadi ulale njaa. Fanya hesabu ya karo, fanya na ya chakula. Ila mtu akikuuliza itakupeleka wapi, mwombe kwa heshima, "Mjomba, unapima na nini?" Na ukiwa peke yako, na simu imezimwa, jiulize hilo swali pia.